Tazama prosesa kabla ya kupiga Windows mpya

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015, haipati tena viraka vya usalama kama zamani. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ukiingia steshenari ya Nyandira, huku Mgeta kwenye milima ya Uluguru, siku ya soko utaikuta mashine ileile ikichapa barua ya mwomba kazi na mtihani wa mwalimu, huku ujumbe ukijitokeza kumhimiza mwenyewe ahamie Windows 11.

Uluguru tuliwahi kulazimishwa kuchimba matuta hadi watu wakaasi mwaka 1955, kwa hiyo hatumshangai anayenuna akiambiwa abadili kitu ambacho hakijaharibika. Lakini safari hii hoja ya kukaa kimya ni dhaifu. Wapo wanaosema intaneti ya Mgeta ni ya kubahatisha, sasa kirusi kitapita wapi? Kitapita kwenye flashi. Mashine ya steshenari huchomekwa flashi za nusu ya kata, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Msimamo wetu: mashine inayokubaliwa na Windows 11 ihamishwe. Fungua mipangilio usome jina la prosesa. Core i5-8250U ni kizazi cha nane, inapita. Core i5-6200U ni cha sita, haipiti, hata kama bado inakimbia. Hapo ndipo wanapokwama wengi walionunua laptopu za mtumba. Rami ya GB 4 inatosha kwenye karatasi tu. Ukitaka kufanya kazi bila kusonya, weka 8.

Fundi atakwambia anaweza kuipenyeza Windows 11 hata kwenye mashine iliyokataliwa. Ni kweli anaweza. Itawaka, utamlipa, utaondoka umefurahi. Ila Microsoft imeshatamka kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata viraka, na viraka ndivyo ulivyokuwa unavifuata. Fundi mwaminifu angekutajia hilo kabla ya kupokea hela.

Kwa mashine iliyokataliwa kuna njia mbili za halali. Ya kwanza ni kubaki na Windows 10 na kujiandikisha kupata viraka vya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026: dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako huko. Ya pili ni Linux Mint. Haiuzwi, haidai chipu mpya ya usalama kama inavyodai Windows 11, na huja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word. Wanaodhani hayo ni mambo ya wageni wakumbuke kuwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kitupu.

Kazi yenyewe inahitaji akili ya mlimani. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo usilimalizie bando Mgeta. Lipakue Morogoro mjini mara moja, liweke kwenye flashi safi, mlitumie majirani wote. Nakili kwanza mitihani, vyeti na picha za familia mahali pengine. Halafu tazama umeme. Wingu likianza kushuka kutoka mlimani na betri yako ilishakufa, ahirisha hadi kesho.