Shauri la Nyumbani: Mipira ya motokari na taa ya manjano



Baba mmoja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, ametuletea barua yenye maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Motokari yake ilitoka Ubelgiji, ni ya mwaka 2015, na kila asubuhi huwapeleka shuleni watoto wake wanne pamoja na wawili wa jirani. Mipira yake yote minne imekwisha. Tena, mbele ya usukani inawaka taa ndogo ya manjano, yenye umbo la herufi U na alama ya mshangao katikati, wala haizimiki hata akijaza upepo. Fundi wa kwanza amemwambia anunue vihisi vinne vipya. Fundi wa pili amemwambia aifunike taa kwa plasta, mambo yaishe. Naye aandika kwamba mshahara wake hauwezi kununua mipira na vihisi pamoja. Aanze wapi?

Tunamjibu mara moja: aanze na mipira. Lakini lile shauri la plasta alikatae, maana sisi wenyewe tulilifuata, na tutamweleza lilitufikisha wapi.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2023, tulikuwa tukiendesha motokari ya parokia katika njia ya Likasi, pamoja na waimbaji sita wa kwaya. Kila mkaaji wa Katanga anajua jua la Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Taa ya manjano ilikuwa imewaka tangu siku ile motokari iliponunuliwa, nasi tulikwisha kuibandikia kipande cha plasta nyeusi, kwa kuwa ilituchosha macho. Ghafula mpira wa nyuma, upande wa kushoto, ukabambuka kama ganda la ndizi, na motokari ikageuka ikatazama ilikotoka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna lori lililokuwa likija. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja wa sauti ya kwanza alivunjika mfupa wa bega, na kwa miezi mitatu hakuweza kumbeba mtoto wake mgongoni. Kila dominika tulimwona ameketi kati ya waimbaji, mkono umefungwa kitambaa shingoni.

Kumbe, tulipouokota mpira ule, meno yake yalikuwa marefu, mazuri ya kutazama. Tuliununua wenyewe, wa okasio, kando ya barabara, kwa sababu ya meno hayo. Ubavuni palikuwa na tarakimu nne: 2309. Maana yake ni juma la 23 la mwaka 2009. Mpira ule ulikuwa na umri wa miaka 14! Sisi tunaowafundisha watoto kusoma hatukuwa tumejua kusoma.

Basi, tusome. Ubavuni mwa kila mpira, mwishoni mwa maandiko yanayoanza na herufi DOT, mna tarakimu nne: mbili za juma, mbili za mwaka. Maandiko hayo marefu mara nyingi yako upande mmoja tu, kwa hiyo ikiwa huyaoni, geuza mpira. Ukiona tarakimu tatu tu badala ya nne, huo ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, hata bure usiupokee. Mpira huzeeka hata kama umelala ghalani. Hewa na jua hukausha kitu chake, nao huanza kupasuka nyufa ndogo ndogo, na ndani huachana na nyuzi za chuma zinazoushika. Watengenezaji wengi husema kwamba baada ya miaka 5 mpira uangaliwe na fundi kila mwaka, na ukifika miaka 10 uondolewe, hata kama meno yangali yapo.

Wengine watasema: mipira ya okasio kutoka Ulaya ni ya majina makubwa, nayo ni bora kuliko mipya ya bei ndogo isiyojulikana. Hatukubali. Mtu wa Ulaya hautupi mpira wake kwa kuuchoka sura. Ameuondoa kwa sababu umezeeka, au umeliwa, au umegonga kitu. Tena wengi huko wana mipira ya namna mbili, ya kiangazi na ya baridi. Ile ya baridi imefanywa laini ili ishike njia yenye theluji. Ina alama ya mlima wa vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Huku kwetu, juu ya lami yenye moto, huisha upesi na haishiki vizuri wakati wa kufunga breki. Tunaiona imepangwa sokoni pamoja na mingine, imepakwa dawa nyeusi, inang'aa kama makaburi yale yaliyopakwa chokaa.

Ikiwa mfuko haukuruhusu kabisa kununua kipya, basi utie mkono ndani ya mpira kabla ya kutoa fedha. Pitisha vidole polepole. Ukikuta kiraka ubavuni, au uvimbe, au waya umechomoza, mrudishie mwenyewe. Tazama pia chini ya mifereji ya meno: kuna vinundu vidogo, na meno yakifika usawa wa vinundu hivyo yamebaki milimita 1,6, ndiyo mwisho wake. Na kama vinundu vimekatwa, au mifereji ina kingo kali kama zilizochongwa kwa kisu, mpira huo umechongwa upya ili uonekane kijana. Mpira wa motokari ndogo hauchongwi.

Halafu kipimo. Mwalimu wetu ametuandikia kwamba mipira yake ni 195/65 R15 91V. Ya kwanza ni upana, milimita 195. Ya pili yasema kwamba urefu wa ubavu ni sehemu 65 katika 100 za upana huo. R15 ni janti ya inchi 15. Herufi V ni mwendo, nao haututishi, kwa kuwa inaruhusu kilometa 240 kwa saa, na mashimo yetu hayaruhusu hata robo yake. Lakini 91 ndiyo namba ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Hiyo ni uzito: mpira wenye 91 waweza kubeba kilo 615. Ukiuziwa wa 82, unaobeba kilo 475, utaingia katika njia vizuri sana, mpaka siku ile utakapopakia watu na magunia ya unga. Wenye mabasi madogo wasikilize hasa. Basi dogo huhitaji mpira wenye herufi C baada ya namba ya janti, kwa mfano 195/70 R15C wa 104, unaobeba kilo 900. Tunaona mabasi yanayopakia watu kumi na wanane juu ya mipira ya motokari ya nyumbani. Waliomo ndani hawajui. Na nani atainama kuisoma kabla ya kupanda?

Kama fedha inatosha mipira miwili tu, nunua miwili ya namna moja, uifunge nyuma. Mafundi wengi watakupinga, watasema mbele ndiko kwenye mota na usukani. Walakini, mpira wa mbele ukiteleza, motokari huenda mbele tu, na ukipunguza mwendo utaishika tena. Wa nyuma ukiteleza, motokari huzunguka. Hilo hatukulisoma vitabuni tu.

Tukumbushe kidogo jambo moja la zamani, maana tunapobishana bei sokoni twafikiri mpira ni kitu cha wageni. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati ya mpira wenye upepo aliouwazia kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake. Tangu hapo Ulaya na Marekani zilitafuta utomvu wa mpira kila mahali, na mwingi ulitoka katika mitambaazi ya misitu yetu. Wazee wa Ekwateri walilazimishwa kuuleta, na wengine walikatwa mikono, wakati wa Mfalme Leopold II, mpaka nchi ilipotwaliwa na Ubelgiji mwaka 1908. Mama alipokaa kanisani na mkono wake umefungwa, tuliyakumbuka hayo, ijapokuwa kosa lilikuwa letu wenyewe.

Turudi kwenye taa. Mwaka 2000, huko Marekani, mamilioni ya mipira ya Firestone ilirudishwa kwa sababu ilikuwa ikibambuka njiani, hasa katika motokari za Ford Explorer. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka huohuo ikatungwa sheria, na tangu Septemba 2007 kila motokari ndogo mpya inayouzwa kule yapaswa kumwonya dereva upepo ukipungua. Ulaya ililazimisha motokari zote mpya tangu Novemba 2014. Ndiyo maana motokari ya mwalimu wetu, ya mwaka 2015, ina taa hiyo, lakini nyingi zinazotoka Japani hazina.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ina kihisi ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu. Mafundi wa mjini hukiita kwa Kifaransa kapteri. Ni kitu kidogo chenye pili yake ndani, nacho hupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Pili hiyo huishi kati ya miaka 5 na 10, na kwa kawaida haibadiliki, maana imefungwa ndani kabisa: ikifa, kihisi chote kimekufa. Namna ya pili haina kitu ndani ya gurudumu. Motokari huhesabu mizunguko kwa njia ya breki za ABS. Mpira uliopungukiwa upepo huwa mdogo kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake. Hapo hakuna cha kununua. Ukisha kujaza upepo, wabonyeza kitufe, au wafuata kitabu cha motokari, ili ianze kuhesabu upya. Lakini namna hii yaweza kudanganyika, mipira yote minne ikipungua sawasawa.

Sasa mwalimu afanye hivi kesho asubuhi. Awashe motokari, aitazame taa. Ikiwaka bila kupepesa, yasema kwamba upepo umepungua mahali fulani. Ikipepesa kwa dakika moja hivi, ndipo ikatulia, yasema kwamba yenyewe ni mgonjwa, haiwezi tena kupima. Taa yetu ilikuwa ikipepesa kila asubuhi chini ya plasta. Ilikuwa ikituambia kwamba ni kipofu, nasi hatukuchukua fimbo ya kipofu.

Fimbo hiyo ni kipimo cha upepo cha mkononi. Vihisi vinne vipya, pamoja na kazi ya kuviandikisha katika motokari, huweza kula fedha ya mipira miwili ya bei ndogo. Tena yafaa viwe vya nchi ilikotoka motokari: vya Marekani mara nyingi husema kwa megahezi 315, vya Ulaya kwa 433, wala havisikilizani. Kwa hiyo, kama vimekufa, mwalimu aweza kumwambia kwado avitoe na kutia valvu za kawaida. Motokari itatembea vizuri. Taa itabaki inawaka, na aiache iwake bila plasta, ili kila siku imkumbushe kwamba kupima ni kazi yake. Lakini kama kimoja au viwili vingali hai, amwonye kwado kabla hajashika vyuma vyake, maana chuma kikiingizwa karibu na valvu hukivunja kihisi mara moja. Na vifuniko vya valvu viwe vya plastiki. Vya shaba hushikamana na aluminiumu ya valvu, na siku ya kuvifungua huvunja vyote.

Apime lini? Sisi hupima jumamosi asubuhi, kabla motokari haijatembea, maana mpira wenye joto huonyesha upepo mwingi kuliko ulio nao kweli. Asipunguze kamwe upepo wa mpira wenye moto. Hesabu ya kufuata haimo ubavuni mwa mpira. Ile ya ubavuni ni mwisho wa kile unachoweza kustahimili. Hesabu yake imo katika karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi. Mara nyingi zimo mbili, moja ya watu wachache na moja ya mzigo kamili, kwa mfano bari 2,2 na bari 2,6. Bari ni karibu sawa na ile ambayo kwado huiita kilo. Mwenye watoto sita ndani achague ya mzigo kamili. Na asitegemee kipimo cha kwado peke yake, maana kimeanguka chini mara nyingi kuliko sisi tulivyoanguka darasani.

Mwalimu ameuliza pia juu ya breki zinazolia. Hilo tutalijibu juma lijalo.