Mlango ukikataa kufunga

Mvua imerudi, na mlango wa depo ya kikundi hapa Kituku ukaanza kukataa kufunga. Jioni wawili walisukuma kwa bega, wa tatu akiingiza kufuli. Tulitaka fundi apunguze ubao. Mama mmoja mzee akatuzuia: tutafute kwanza unakwama wapi.

Fungueni mlango nusu, muuinue kwa upande wa kufuli. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelegea. Toeni skrubu, jazeni tundu kwa vijiti vya kiberiti, kisha kazeni tena.

Usipocheza, pimeni fremu kwa kamba, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda. Matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, yalitikisa nyumba nyingi za Goma. Hapo iteni fundi.

Vipimo vikiwa sawa, huenda ubao umevimba kwa maji. Msiukate haraka! Kiangazi utakauka, na nafasi itakayobaki itapitisha mkono wa mwizi. Pakeni mshumaa au sabuni kavu panapokwama.

Mlango wetu ulikuwa na bawaba ya juu iliyolegea tu. Vijiti vitatu vya kiberiti vilitosha. Sasa mama mmoja anafunga peke yake, na magunia ya wenzetu yanalala salama.