KURUDI NYUMBANI WAKATI WA MVUA

Ndugu wanachama,

Mvua kubwa hunyesha pande zetu toka Machi mpaka Mei. Na Mei ndiyo miadi ya Sikukuu ya Akina Mama huko Marekani, maua yatakiwa kwa wingi, na wengi wetu hutoka kazini giza limekwisha ingia. Ndipo tusimamapo barabarani Kongoni, tumelowa, tukingoja matatu ya Ndabibi. Wingu likifunga, nauli hupanda. Asiye na nyongeza huenda kwa miguu, na mara nyingi huyo ni mama aliyeacha watoto nyumbani.

Udongo wetu ni wa majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi. Ukilowa hukatika upesi na kuwa makorongo. Maji yashukayo kutoka Eburru hayana simile: palipopitika asubuhi, jioni hapapitiki.

Tusisahau Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya chini iliziba, yalibomoa tuta na kushuka kwa ghafula. Watu zaidi ya 40 walikufa, na magari yalisombwa kama makopo.

Basi tuseme kweli, hata ikituuma. Dereva akisita mbele ya maji, ni sisi abiria tunaopiga kelele, "Pita, tumechelewa!" Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yaweza kuchukua magari mengi. Tangu leo, dereva akisimama, tumshukuru. Akitaka kupita, tushuke.

Lakini lawama si yetu peke yetu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi anayesafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa safari hiyo, huhesabiwa kuwa yumo kazini. Akiumia humo, ana haki ya kudai fidia. Aliyepanda matatu kwa nauli yake kifungu hicho hakimtaji. Je, si ajabu kwamba sanduku la maua hupata gari mpaka uwanja wa ndege, na mikono iliyolifunga haina gari la kuifikisha Ndabibi?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, atakayefanya kazi mpaka usiku apelekwe kwa gari la shamba mpaka karibu na kwake. Pili, barabara ikikatika, mtu asikatwe mshahara kwa kuchelewa. Tatu, wingu likiwa baya, watu wafunguliwe mapema.

Mwambieni mjumbe wenu wa shamba mambo haya kabla ya mvua, siyo baada ya mazishi. Tahadhari kabla ya hatari.

Umoja ni nguvu.