Hiyo "Jitambue" Yenu Imenichosha

Wasee, leo nitakosana na watu. Kila nikifungua simu napata mtu ameketi ndani ya gari, haendi popote, ananiambia "jitambue". Jitambue ndio ufaulu. Jitambue, halafu ulipie kozi yangu. Sawa, lakini najitambua aje? Hapo ndipo video inaisha.

Wengine wanakutuma ufanye ule mtihani wa herufi nne, wa INFP na ENTJ. Ulitungwa na mama na binti yake huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Myers, na hakuna kati yao aliyesomea saikolojia chuoni. Mimi nimeufanya mara tatu, nikapata majibu matatu. Ile ya tatu nadhani nilikuwa tu na njaa.

Na si watu wa mtandaoni peke yao. Mtoto wa Gredi ya 9 anaambiwa achague njia yake: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Manze, miaka 14, 15! Sisi wa 8-4-4 tulingoja KCSE, tukaenda saiba kufungua KUCCPS, ukaangalia alama zako zinatosha kozi gani, na hiyo ikageuka kuwa "ndoto" yako. Yangu ilikuwa uhasibu. Sijawahi kuota uhasibu hata siku moja.

Sasa ile sehemu ngumu. Mnajua stori yangu ya kuacha kampasi, nimewapa hapa mara nyingi. Eti nilijijua, nikaona masomo si yangu, nikafuata kipaji. Ile video ndiyo ilileta wengi wenu.

Ukweli ni kwamba mwaka wa pili nilifeli yuniti mbili. Nikaogopa kurudia, nikaogopa zaidi kumwambia mathe. Nikaacha tu kwenda darasani. Nilikaa bedsita ya beshte yangu wiki nyingi nikilala hadi saa nane mchana. Hakukuwa na kipaji chochote kwa hiyo nyumba. Kamera nilianza kushika baadaye, nikitafuta pesa ya renti.

Kinachoniuma si ati niliwadanganya nyinyi. Nilirudia ile stori hadi nikaiamini mwenyewe. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimejipangia taa nzuri na muziki. Ndio maana hizi video za "kaa peke yako ujisikilize" zinanikera. Nikiwa peke yangu mimi hujidanganya vizuri sana. Yule beshte wa bedsita alijua ukweli tangu wiki ya kwanza. Angalikuwa ananiambia, ningemblock. Ukitaka kujijua, muulize mtu aliyewahi kukukopesha pesa, halafu unyamaze akimaliza.

Mwezi jana sista yangu mdogo, yuko fomu foo, akaniambia haoni haja ya kusumbuka na KCSE. Yeye pia ameshajijua, akasema, kama mimi. Alisema vile vile nilivyosema kwa video, neno kwa neno, hadi ile pozi ya katikati.

Jumapili nikamketisha chini nikamwambia yote, yuniti mbili na kila kitu. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama mathe anajua.

Bado.