Gari Linalotetemeka Likiwa Limesimama

Ndugu msomaji, gari lina maradhi mengi, lakini liko moja ambalo halifichiki kwa mwenye gari wala kwa jirani yake. Gari limesimama, gia iko huru, mguu umeondolewa kwenye mafuta. Mara bodi yote inaanza kutikisika, injini inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa ya vipindi, na pengine inazima kabisa. Mafundi wetu husema gari hilo halina sailensi. Maana yake ni kwamba injini haitulii katika mwendo wake wa chini, ambao kwa magari mengi ya kabureta ni mizunguko kama 700 hadi 900 kwa dakika.

Juma hili nawaelekea hasa wasomaji wa Babati na vijiji vyake. Mji huo umekaa penye njia kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma, na magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi kwingineko huishia humo kuitumikia familia: kupeleka mgonjwa hospitali, kuleta mahindi kutoka shamba, kuwafikisha watoto shuleni. Gari la namna hiyo likianza kutetemeka, mwenyewe huambiwa upesi kwamba injini imekwisha na yataka kufunguliwa. Hapo ndipo fedha ya karo na ya mbolea inapokwenda. Nami nasema kwamba injini isifunguliwe kabla ya kukagua hewa, moto na mafuta. Tena katika ukaguzi huo limo jambo moja linalohusu uhai kuliko fedha.

Kwanza, liulize gari lenyewe. Liache lipate moto, kisha ongeza mafuta taratibu. Je, mtetemo unakwisha injini inapokimbia? Kama unakwisha, aghalabu kosa liko kwenye hewa inayoingia kinyemela, au kwenye tundu dogo la kabureta linalolisha injini katika mwendo wa chini. Kama injini inaendelea kukosa pigo hata ikikimbia, basi shuku moto wa plagi, au silinda iliyopungukiwa na mgandamizo. Swali hilo moja halina gharama, na limekwisha kuigawa kazi nusu kwa nusu.

Tuanze na hewa. Injini inapotulia, mlango wa kabureta huwa karibu umefungwa, na hewa inayopita ni kidogo sana. Kwa hiyo ufa mdogo kwenye mpira wa vakyumu, au gasketi iliyokauka chini ya kabureta, huingiza hewa ambayo kwa kipimo cha wakati huo ni nyingi, na mchanganyiko wa petroli ukaharibika. Injini ikikimbia, hewa hiyo ya wizi haionekani tena kuwa kitu. Kuitafuta, shika kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe kwenye maungio. Penye ufa utasikia mluzi. Au paka maji ya sabuni kwa brashi: yakinyonywa ndani na mlio wa injini ukabadilika, umepata mahali. Usitumie petroli kwa kazi hii, maana moto hauna msamaha.

Sasa nalieleza lile jambo la uhai. Katika magari mengi, mmoja wa mipira hiyo ya vakyumu huenda kwenye busta ya breki, lile kasha la duara linalousaidia mguu wako kusimamisha gari. Mpira huo ukipasuka, au ngozi iliyo ndani ya busta ikitoboka, dalili ya kwanza yaweza kuwa mtetemo huo huo tunaoudharau. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ushikilie mguu hapo hapo, kisha uwashe injini. Pedali yapasa kuzama kidogo. Isipozama, busta haipati vakyumu au imeharibika. Na kama kila ukanyagapo breki injini inataka kuzima, hiyo nayo ni dalili ya busta inayovuja. Anayeshuka kutoka Bashnet kuja Dareda, au kutoka Babati kuelekea Magugu, huku amepakia watu na mizigo, asiondoke nyumbani na shaka hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika mteremko hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Pili ni moto. Injini ikiwa inanguruma, chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, na kila mmoja uurudishe kabla ya kugusa unaofuata. Silinda nzima ikinyimwa moto, injini hulegea zaidi. Ukichomoa waya na injini isionyeshe tofauti, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Zima injini, badilishana plagi yake na ya jirani, kisha upime tena. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, nunua plagi. Ukibaki pale pale, tazama waya na kofia ya distributa. Magari yenye moto wa kielektroniki hayafai kuchomolewa hivi, kwani umeme wake ni mkali kwa mwili na waweza kuharibu vifaa. Hayo mwachie fundi.

Plagi yenyewe ni barua. Ikiwa na rangi ya udongo hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli imezidi. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya ndani ya silinda. Ikiwa nyeupe, petroli imepungua. Katika gari la zamani zaidi kagua pia plati, vile vidomo viwili vinavyofunguka na kufunga ndani ya distributa. Vikiliwa au nafasi yake ikibadilika, moto hutoka ovyo. Nafasi hiyo kwa magari mengi ni kama milimita 0.4, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Tatu ni mafuta, na hapa Babati ina habari yake. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam haijui kwamba imepanda; inaendelea kutoa petroli karibu ile ile kwa hewa iliyopungua. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na injini isiyotulia. Gari la namna hiyo si bovu, ni mgeni tu. Safisha kwanza ekilina, ambayo vumbi la kiangazi huiziba na kuzidisha ugonjwa ule ule. Kisha, injini ikiwa na moto, hesabu na uandike skrubu ya mchanganyiko imefunguliwa mizunguko mingapi. Ikaze polepole mpaka injini ianze kusita, halafu uirudishe mpaka inguruma kwa wepesi na utulivu kuliko mahali pengine pote. Baada ya hapo rudisha mwendo kwa skrubu ya mlango wa kabureta. Ukishuka pwani kukaa, urekebishe upya, kwa kuwa huko injini itakosa petroli na kuchemka.

Gari lisilo na kabureta, kama Toyota nyingi za miaka ya 1990, hujirekebisha lenyewe kwa hewa ya mahali. Humo shuku kwanza masizi yaliyoganda kwenye mlango wa hewa na kwenye valvu inayolinda mwendo wa chini. Kusafisha huko ni kazi ndogo kwa fundi mwangalifu.

Hayo yote yakiwa sawa na mtetemo ungalipo, hakikisha tapeti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na risasi hiyo ilikuwa ikikinga vitako vya valvu katika injini nyingi za zamani. Bila kinga hiyo valvu huzama kidogo kidogo, nafasi ya tapeti inakwisha, na valvu haifungi sawasawa. Kurekebisha tapeti si kufungua injini. Baada ya hapo mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Penye upungufu atie kijiko cha oili na apime tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Ni hapo tu, ndugu msomaji, ambapo neno la kufungua injini lina ushahidi.

Kazi hii ifanywe nje, kwenye upepo, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua haraka ndani ya banda lililofungwa. Watoto wakae mbali na feni na mikanda.

Fundi mwema hatachukia ukimweleza kwamba mtetemo unakwisha injini inapokimbia, au kwamba silinda ya tatu ndiyo iliyolala. Atafurahi, kwa sababu umemwonyesha mahali pa kuanzia, na mchana wake hautapotea kwa kubahatisha. Nawe utalipia kile kilichoharibika, si kile kilichodhaniwa.