Mfupa haukungoja korona

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa wazazi, mama mmoja alituuliza: "Walimu, wakati wa korona, huko kwa wazungu waliovunjika walitibiwa wapi, kama hospitali zote zilijaa?"

Tunajua kwa nini aliuliza. Mtoto wake wa kiume alianguka kwenye mwembe Aprili 2020. Hapa Uganda shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, watoto wanashinda mitini. Magari ya abiria yalizuiwa, bodaboda hairuhusiwi kupakia mtu. Na tuseme ukweli, hata kliniki ya karibu tuliiogopa wote: ukiingia na mkono, utatoka na korona. Basi mtoto akafungwa vijiti na kitambaa. Alipofika kwa daktari wiki ya sita, mfupa ulishaunga, lakini umepinda. Leo yuko darasani kwetu, anaandika kwa mkono wa kushoto.

Sasa jibu. Huko matibabu ya mifupa hayakufungwa, yalipangwa upya. Uingereza, tarehe 17 Machi 2020, hospitali ziliandikiwa barua kwamba upasuaji usio wa haraka uahirishwe miezi mitatu au zaidi. Walitaka kupata vitanda 30,000 kati ya 100,000. Mzee aliyekuwa kwenye foleni ya kubadilishiwa goti akabaki nyumbani na maumivu yake, na wengi walingoja zaidi sana ya hiyo miezi mitatu. Na si vitanda tu. Daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, ndiye huyo huyo anayejua mashine za kupumulia. Akiitwa kwa wagonjwa wa korona, chumba cha upasuaji kinabaki na meza tupu.

Lakini bibi aliyeanguka akavunjika nyonga hakuambiwa angoje. Huyo akilala siku nyingi bila kupasuliwa anapata vidonda, mapafu yanaharibika, anaweza kufa. Mivunjiko mingine, ambayo zamani ingewekewa vyuma, ilifungwa plasta tu. Kuna waliopewa vifungo vya kujifungulia wenyewe nyumbani, daktari anawauliza hali kwa simu. Hiyo nayo haikuanzia kwenye korona: hospitali ya Glasgow Royal Infirmary, kule Scotland, tangu 2011 madaktari wake walikuwa wakiangalia picha za eksrei na kumshauri mgonjwa bila kumwita.

Italia, jimbo la Lombardia, walichagua hospitali chache za kupokea waliovunjika, Gaetano Pini ya Milano ikiwemo, ili nyingine zishughulike na korona. Mgonjwa alipelekwa mbali kidogo, ila alimkuta daktari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe wao walikuwa na gari."

Hatukuwa na la kumjibu. Gari hatuna mpaka leo. Lakini ule woga wa kliniki ulikuwa wetu wenyewe, na Mpox ilipotangazwa nchini mwaka 2024 tuliuona tena, watu wanapita mbali na geti. Kwa hiyo, wazazi, hata ugonjwa gani ukitangazwa: mfupa wa mtoto unaunga haraka kuliko wa mtu mzima, na zikipita wiki mbili tatu kuunyoosha ni kazi kubwa. Mpeleke siku ile ile. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, au akisema havisikii, legeza kitambaa palepale, halafu mkimbize. Mfupa ukitoboa ngozi usiusukume ndani. Funika na kitambaa safi, mwende. Muone kwanza mhudumu wa afya wa kijiji kama usafiri unasumbua, msiende kuhangaika barabarani peke yenu.

Huyo kijana, mama yake amekubali aonwe tena na daktari wa mifupa, maana mfupa uliounga vibaya mara nyingine unaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Tukipata habari tutawaandikia hapa hapa.