NENO LA LEO: MAMA ANAYETOKA NJE KILA MARA KWENYE KESHA

 

Leo fungua 1 Samweli 1. Hana alikuwa na uchungu hadi akashindwa kula. Alipoomba kule Shilo, midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli alidhani amelewa. Mtumishi wa Mungu aliutazama mwili wa mama mwenye uchungu, akausoma vibaya.

Naona kanisa la leo linasoma vibaya vilevile. Mama akitoka nje mara 5 kwenye kesha, tunasema kuna roho inamtoa kwenye maombi. Akisema tumbo la chini linamchoma, na kipimo cha mkojo hakikuonyesha UTI, tunasema anajifanya. Mimi nakataa. Maumivu hayo ni ya kweli.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, karibu ile chupa ya maji ya nusu lita. Kinapojaa hupeleka habari kwa ubongo, na ubongo hukiambia: ngoja kwanza. Lakini ukibeba mawazo mazito miezi mingi, mwili hubaki kwenye hali ya hatari, ukitoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Mishipa ya fahamu inakuwa macho kupita kiasi. Mkojo kidogo tu, kibofu kinapiga kelele kwamba kimejaa. Kitu ambacho zamani hungekihisi, sasa kinauma.

Sisi wa Isiolo tunaelewa hili. Boma likivamiwa usiku, mchunga ng'ombe hushtuka wiki nzima hata kichaka kikitikiswa na upepo. Kibofu nacho hushtuka hivyo.

Na mizigo tunayo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo. Kuna waliobaki na zizi tupu, na karo bado ikaitishwa. Mvua ilirudi, lakini mwili hausahau upesi.

Basi mpendwa, fanya hivi:

1. Pima kwanza. Usinunue antibiotiki kwa kukisia. Kama hakuna maambukizi hazitakusaidia, na wadudu watazizoea. Ukiona damu kwenye mkojo, homa, maumivu makali ya mgongo, ama mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa mjamzito, ama una kiu isiyoisha, pia usikawie.

2. Usijinyime maji ili usitoke nje. Kwa joto letu mkojo unakuwa mkali na kukichoma kibofu zaidi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na upunguze chai kali na kahawa kabla ya kesha.

3. Vipimo vikiwa safi, kifundishe kibofu upya. Ukihisi haja, keti, pumua polepole, ngoja dakika chache ndipo uende. Ongeza muda pole pole. Ikiuma, usijilazimishe, rudi kwa daktari.

4. Utaje mzigo wako kwa mtu unayemwamini, na ukihitaji mshauri, mwone. Huko si kukosa imani. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alilala na kuletewa chakula kabla ya kusikia sauti ya Mungu mlimani.

Na ninyi wazee na wahudumu wa kanisa: usiku wa kesha choo kisifungwe, na kiwe na taa. Acheni viti karibu na mlango kwa wanaovihitaji. Mtu akiinuka, msimfuate kwa macho. Mama asiache ushirika kwa sababu ya aibu ya choo.

Hana alipoeleza shida yake, Eli alibadilika, akambariki. Soma mstari wa 18: alienda akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mtoto alikuwa bado hajapatikana! Alikuwa amesikilizwa tu, na mwili wake ukaanza kupumzika.

Wiki hii msikilize mmoja. Na kama Hana ni wewe, usinyamaze. Mungu akuponye, na akupe watu wa kukuelewa, katika jina la Yesu. Amina.